Tabano Likizua Ubishi: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kutoa Uamuzi

Ubishi wa matabano (uchawi mmoja mmoja wanaoutumia wahusika) katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, una tabia moja: watu wawili wanabishania maswali mawili wakidhani ni moja. Mchezaji anauliza maandishi yanaruhusu nini. Msimamizi wa mchezo, anayeongoza simulizi na kuamua kanuni, anauliza jambo hilo lingewezekana vipi pale wahusika waliposimama. Kila mmoja ana jibu zuri kwa swali lake, ndiyo maana sauti zinapanda na hakuna anayemshawishi mwenzake. Kazi ya kwanza, basi, ni kujua ubishi wenu ni wa aina gani. Chanzo kikishajulikana, uamuzi wenyewe huwa mwepesi kuliko kelele zilizoutangulia.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu toleo la tano la mchezo huu, lile la 2014 pamoja na marekebisho yake ya 2024. Majina ya matabano nimeyaacha kama yalivyo vitabuni kwa sababu ndivyo wachezaji wanavyoyataja.

## Kila mmoja ana uhakika, na kila mmoja ana mstari wa kuonyesha

Dalili hii ichunguzeni kwanza kila mara, maana tiba yake ni rahisi na humaliza ugomvi mwingi kabla haujaota mizizi. Mnasoma maandishi mawili tofauti.

Chukua Counterspell, tabano la kukatiza tabano la mwingine. Katika maandishi ya 2014, tabano la daraja la 3 (daraja ni kiwango cha nguvu ya tabano) au chini ya hapo lilikatika papo hapo. La juu zaidi lilihitaji dadu dhidi ya 10 ukijumlisha daraja lake, yaani matokeo yafikie au yazidi jumla hiyo. Katika maandishi ya 2024, anayekatizwa ndiye anayerusha dadu ya kujinusuru (ya kuepuka athari) ya Constitution, sifa ya ustahimilivu wa mwili, na akishindwa, tendo lake limepotea ila nafasi ya uchawi, yaani akiba anayoitumia kutabana, haijatumika. Hayo ni matabano mawili yenye jina moja. Mtu aliyezoea la kwanza atamwona mwenzake anadanganya, kumbe mwenzake anasoma ukurasa ulioko mbele yake.

Tatizo hili limezidi kwa sababu ya namna kanuni zilivyosambaa. Mwezi wa Januari 2023, hati ya kanuni za msingi za toleo la 2014 iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kuzinakili na kuzichapisha upya. Jambo hilo ni jema sana kwa mchezo. Ila mtu akitafuta tabano kwenye simu katikati ya pambano, anaweza kuangukia maandishi ya zamani bila kujua, kwa sababu ukurasa haumwambii kuwa kuna mapya.

Tiba: amueni kabla ya kikao cha kwanza mnatumia maandishi yapi, na kama mnachanganya vitabu, semeni tabano lenye matoleo mawili litafuata lipi. Msitumie kigezo cha "lile lenye nguvu zaidi", kwa sababu kila mchezaji atageuka kuwa mchunguzi wa matoleo.

## Tabano linafanya jambo ambalo maandishi hayakulitaja

Hapa ndipo mianya mingi inapozaliwa, na hapa ndipo ningependa wasomaji watulie.

Mchezaji anasema: natabana Grease, sakafu imejaa mafuta, mwenzangu anatupa mwenge, wote wanaungua. Maandishi ya 2014 yalisema ardhi inateleza na kiumbe kinaweza kuanguka. Kuhusu moto hayakusema lolote. Je, kimya hicho ni ruhusa?

Fungua ukurasa wa Web uone. Tabano hilo linasema wazi kwamba utando wake unashika moto, kwamba kila kipande cha mchemraba wa futi 5 kinateketea ndani ya raundi moja, na kwamba kiumbe kinachoanza zamu yake ndani ya moto huo hupata madhara ya 2d4 (dadu mbili za pande 4). Fireball nayo inataja kwamba inawasha vitu vinavyoshika moto ambavyo hakuna aliyevivaa wala kuvibeba. Waandishi walipotaka moto, waliuandika, wakaandika na bei yake. Walipokaa kimya kwenye Grease, mafuta hayo hayawaki. Marekebisho ya 2024 yalilimaliza suala hilo kwa kuongeza kuwa mafuta hayo hayashiki moto, lakini hata bila nyongeza hiyo jibu lilikuwa linapatikana kwa kulinganisha tabano moja na jingine. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: kabla ya kujadili nia ya mwandishi, tafuta tabano lingine linalofanya jambo hilohilo waziwazi, kisha tazama limeandikwaje na liko daraja gani.

Daraja ndicho kipimo. Kuna hila ya siku nyingi ya kutumia Create or Destroy Water kujaza maji kwenye mapafu ya adui. Tabano hilo ni la daraja la 1, linaleta hadi galoni 10 za maji safi ndani ya chombo kilicho wazi. Mtu anaweza kubishana hadi usiku iwapo pafu ni chombo na iwapo kinywa kilichofunguka kinalifanya liwe wazi. Ubishi huo hauna haja. Power Word Kill inamuua kiumbe mwenye pointi za uhai 100 au pungufu bila dadu ya kujinusuru, na ni ya daraja la 9, kilele cha uchawi wote. Tafsiri inayolipa tabano la daraja la 1 kazi ya daraja la 9 imekosea mahali fulani, hata kama hujapata bado neno lililokosewa.

Je, hii ina maana ubunifu umekufa? Hapana, na wasimamizi wanaoishia kwenye "hakijaandikwa" wanaunyima mchezo ladha yake. Tofauti iko kwenye swali moja: je, kesho atalifanya tena? Mchezaji anayetumia Grease kwenye ngazi za jumba linaloporomoka ili mlango mzito uteleze na kuziba njia amefikiria mazingira ya pale pale. Mpe faida (arushe dadu mbili, achukue kubwa), au mwache arushe dadu, au mlango uzibe tu. Mchezaji anayetaka Grease iwe bomu la moto kuanzia leo anaandika tabano jipya bila kulilipia. Wa kwanza anastahili ndiyo ya haraka. Wa pili anastahili maelezo yenye heshima ya kwa nini hapana, pamoja na kuonyeshwa tabano ambalo tayari linafanya anachokitaka.

## Uchawi umepigwa lakini haukugusa kitu

Msimamizi anasema hakuna kilichotokea; mchezaji anadai amedhulumiwa nafasi yake ya uchawi. Chanzo ni mlengwa asiyefaa, na mara nyingi kimejificha kwenye neno moja.

"Kiumbe" na "kitu" si sawa. Fire Bolt hupiga kiumbe au kitu. Eldritch Blast ya 2014 ilipiga kiumbe peke yake, kwa hiyo kwa kusoma herufi haikuweza kuvunja mlango. Ya 2024 imeongezewa vitu. Kutoka hapo wajanja walitunga kipimo cha hatari: piga Eldritch Blast kila kasha la hazina, na likikubali kupigwa basi si kasha, ni kiumbe kilichojigeuza. Usikubali. Anayetabana anaweza kukosea kuhusu mlengwa wake kama anavyoweza kukosea kuhusu jambo lolote. Mwache atabane, mwambie anachokiona, basi. Kitabu cha nyongeza cha kanuni kilichotoka 2017 kinatoa mwongozo unaofaa: ukimlenga asiyefaa, hakuna kinachompata, nafasi imetumika, na kama tabano ni la kujinusuru, kwako huonekana kana kwamba alijinusuru. Ukifuata hivyo, siri ya kasha inabaki siri.

Hold Person na Charm Person zinahitaji kiumbe cha jamii ya kibinadamu, na adui aliyevaa sura ya mtu bila kuwa mtu atazikwepa. Hapo msimamizi awe mwaminifu: ameamua nini kuhusu kiumbe huyo kabla ya tabano, si baada.

Kuna pia suala la kioo. Kumwona mlengwa hakutoshi. Njia kati yako na yeye inapaswa kuwa wazi, na kitu kinachomfunika kabisa ni kinga kamili hata kama unaona kupitia kwacho. Dirisha lililofungwa linazuia matabano mengi. Misty Step haizuiliwi, kwa sababu linakuhamisha wewe mwenyewe hadi futi 30 kwenye nafasi tupu unayoiona, na halihitaji kulenga kitu chochote upande wa pili. Wachezaji wengi wanafurahi wakiligundua hili, na wana haki ya kufurahi: huu si mwanya, hiyo ndiyo kazi yake.

## Matabano mawili ndani ya zamu moja

Hapa kanuni ya 2014 ilikuwa na umbo ambalo watu walilikumbuka vibaya. Haikusema tabano moja kwa zamu. Ilisema ukitabana kwa tendo la ziada (tendo dogo la haraka mbali na tendo kuu la zamu), tabano lingine pekee unaloweza kutabana zamu hiyo ni tabano dogo lisilotumia nafasi, lenye muda wa tendo moja. Ukitabana Healing Word kwa tendo la ziada, Cure Wounds haiwezekani zamu hiyo. Hata Counterspell kama mwitikio (tendo la kujibu jambo linapotokea) ndani ya zamu yako hiyohiyo haikuwezekana. Lakini shujaa aliyejipatia tendo la pili aliweza kurusha Fireball mbili mfululizo, kwa sababu hakuna tendo la ziada lililohusika. Kusema kweli, hakuna aliyeitetea kanuni hiyo kwa furaha.

Ya 2024 imenyooka: ndani ya zamu moja unaweza kutumia nafasi moja tu ya uchawi kutabana. Kama ugomvi huu unajirudia mezani kwenu na bado mnatumia vitabu vya zamani, azimeni kanuni hii mpya. Haiharibu kitu kingine.

## Madhara yanahesabiwa mara nyingi kuliko inavyopaswa, au mara chache

Sababu kubwa ni kuchanganya zamu na raundi. Raundi ni mzunguko mzima wa takriban sekunde 6, na ndani yake kila mshiriki ana zamu yake. Tabano linaposema "mara ya kwanza katika zamu", halisemi zamu yako, wala halisemi raundi. Linasema zamu yoyote.

Moonbeam ya 2014, tabano la nguzo ya mwanga unaodhuru, inaonyesha jambo hili vizuri. Kiumbe hupata 2d10 kikiingia kwenye mwanga kwa mara ya kwanza katika zamu, au kikianza zamu yake humo. Matokeo mawili yanafuata, na yote mawili huwashangaza watu. Kwanza, kuushusha mwanga juu ya adui hakumfanyi awe "ameingia". Hana madhara hadi zamu yake ianze. Mchezaji anayerusha dadu mara tu anapotabana anakosea kwa kujipendelea. Pili, adui akisukumwa ndani na rafiki yako katika zamu ya rafiki, anaumia; akitoka na kusukumwa tena na rafiki mwingine katika zamu nyingine, anaumia tena. Msimamizi anayekataa la pili anakosea kwa kujilinda.

Je, hilo la kusukuma ni mwanya? Nasema si mwanya. Kila msukumo umegharimu zamu ya mtu, dadu inaweza kushindwa, na adui anaweza kumpiga anayetabana ili kuuvunja umakini wake, na ukivunjika tabano linakoma. Kundi linalopanga zamu zake hivyo linacheza pamoja, na hilo ndilo tunalolitafuta. Maandishi ya 2024 yanataja kwamba dadu inarushwa mara mwanga unapotokea na unaposogezwa juu ya kiumbe, kisha yanaweka mpaka wa mara moja kwa zamu. Bado ni zamu, si raundi. Mpango wa kusukuma umebaki hai.

Upande wa kujumlisha nyongeza, makosa ni machache. Tabano moja likitabaniwa mtu mmoja na watu wawili halijirudufu: Bless mbili zinampa 1d4 moja. Nyongeza za matabano yenye majina tofauti hujumlishwa.

## Kuhani ana ngao, ana rungu, na hawezi kumtibu mwenzake

Hii huonekana kama kasoro ya kitabu na, kwa maoni yangu, ni kasoro kweli. Tabano lina sauti, ishara ya mkono, au kiungo (kitu kinachohitajika ili kulitabana). Mkono unaoshika kiungo au chombo cha uchawi unaruhusiwa kufanya ishara pia. Kuhani mwenye alama takatifu kwenye ngao anaweza kutabana Bless kwa mkono huo, kwa kuwa Bless ina kiungo. Cure Wounds haina kiungo, ina ishara tu, kwa hiyo mkono lazima uwe mtupu, na hana. Mtu huyohuyo, ngao ileile.

Msimamizi akiamua kwamba mkono wenye alama takatifu unatosha kwa yote, sijaona kinachovunjika. Anayetaka kufuata herufi amwambie kuhani mapema ili achague kipaji kinachoondoa tatizo.

Kwenye viungo vyenye bei, kaza. Chombo cha uchawi kinachukua nafasi ya kiungo kisicho na bei peke yake. Almasi ya Revivify yenye thamani ya dhahabu 300 lazima iwepo na inateketea, wakati lulu ya dhahabu 100 ya Identify lazima iwepo lakini inabaki. Soma kama maandishi yanasema kiungo kinateketea, yasiposema, hakiteketei. Bei hizo ndizo zinazoamua kifo kina uzito gani kwenye simulizi yenu. Ukizilegeza bila kufikiri, utajikuta na wahusika wasioogopa kufa.

## "Nimemwambia ajisalimishe, kwa nini anakataa?"

Suggestion, Command na ndugu zao, matabano ya kumshawishi au kumwamuru mtu, hawana mwanya wa kuziba kwa sababu maandishi yenyewe yanampa msimamizi kazi ya kupima. Suggestion ya 2014 ilitaka ombi lisikike kuwa la busara, na mfano wake ni shujaa anayeshawishiwa kumpa ombaomba wa kwanza atakayekutana naye farasi wake wa vita. Mfano huo una siri ndani yake: ombi linaweza kuwa ghali sana kwa mlengwa, alimradi lisiwe la kujidhuru. Wasimamizi wengi wanasoma "la busara" kama "analolitaka tayari", na hapo tabano linakufa.

Ya 2024 imebadili kipimo: maneno yasizidi 25, jambo liwe linawezekana, na lisihusishe kitu ambacho ni dhahiri kitamletea madhara mlengwa au wenzake. Ukiweza, tumia kipimo hiki hata kwa kitabu cha zamani. "Tupa silaha ukimbie" katikati ya vita panahitaji kufikiri, kwa sababu kukimbia bila silaha mbele ya wenye panga kunaweza kumdhuru waziwazi. "Nenda kamwambie bwana wako kwamba tumeondoka" hakuna tatizo.

Ubishi ukitokea hapa, acheni kitabu mzungumzie mtu. Mlinzi huyu ni nani, anamwogopa nani, amelipwa? Msimamizi aseme majibu hayo kwa sauti kabla ya kuamua. Mchezaji anayesikia kwamba mlinzi anaiamini nadhiri yake kuliko uhai wake ataelewa, na mara nyingi atatunga ombi bora zaidi papo hapo. Mruhusu alitunge upya, ikiwa mhusika wake angeweza kuyajua hayo.

## Maandishi yako wazi, na bado yanaonekana kuvunja mchezo

Heat Metal inamchoma aliyevaa deraya nzito 2d8 kila zamu kwa tendo la ziada, bila dadu ya kujinusuru dhidi ya madhara yenyewe. Kuivua deraya hiyo kunachukua dakika 5, na tabano linadumu hadi dakika 1. Msimamizi aliyeleta jemadari mwenye deraya anaumia kumwona akiiva.

Usilipunguze. Tabano lina mlango wake wa kulizima: ni la umakini. Kila anayetabana akipigwa, anarusha dadu ya Constitution dhidi ya 10 au nusu ya madhara, ile iliyo kubwa zaidi. Jemadari mwenye akili atawaelekeza wapiga mishale wake kwa druidi anayelitabana. Kabla ya kubadilisha kanuni ya tabano linalokusumbua, tazama kwanza umakini, umbali, mstari wa kuona na viungo. Mara nyingi adui wako walikuwa na jibu na hawakulitumia.

## Nguvu isiyokwisha

Mchezaji anakuja na karatasi iliyojaa hatua, kila hatua ina mstari wa kitabu, na mwisho wake ni jeshi au nafasi za uchawi zisizohesabika. Huu ni mwanya halisi, na chanzo chake ni maandishi mawili yaliyoandikwa kila moja peke yake.

Uliotajwa kuliko yote ni wa Simulacrum na Wish. Mchawi wa ngazi ya juu anatengeneza nakala yake kwa Simulacrum, kazi ya saa 12 yenye unga wa rubi wa dhahabu 1,500. Nakala ina nafasi za uchawi za mwenyewe, pamoja na ile ya daraja la 9. Anaiamuru itabane Wish, ambayo inaweza kuiga tabano lolote la daraja la 8 au chini bila viungo, na iige Simulacrum kwa mchawi yule wa asili. Nakala mpya nayo ina nafasi ya daraja la 9. Inaendelea hivyo. Kifungu kinachoangamiza nakala ya zamani unapotengeneza mpya hakifanyi kazi, kwa sababu kila nakala imetengenezwa na mtu mwingine.

Katika mzunguko wa namna hii usibishane na kila hatua. Tafuta kiungo cha mnyororo ambapo kitu kinapatikana bila chochote kulipwa, na ukikate hapo peke yake. Kwenye huu, kiungo hicho ni nakala inayozaa nakala, na ndipo waandishi wa 2024 walipokata: nakala haiwezi kulitabana tabano hilo. Wish ikabaki, Simulacrum ikabaki, mchawi hakupokonywa kitu chake.

Njia hiyohiyo inafaa kwa mhusika anayechanganya Warlock na Sorcerer, aina mbili za watumiaji wa uchawi. Nafasi za Warlock hurudi kwa pumziko fupi. Sorcerer anazigeuza kuwa pointi, pointi kuwa nafasi mpya, na nafasi hizo hudumu hadi pumziko refu, ambalo yeye halipumziki kamwe. Kinachopatikana bure ni kutolala. Kile kitabu cha 2017 kiliweka gharama hapohapo: baada ya saa 24 bila pumziko refu, dadu ya Constitution dhidi ya 10, na kadiri siku zinavyopita inazidi kuwa ngumu; akishindwa, uchovu unaanza.

Kuna aina nyingine inayofanana nayo ila si mzunguko. Wanakijiji mia kadhaa wanasimama kwenye mstari, kila mmoja anatayarisha mwitikio wa kumpa jirani yake mkuki, na kwa kuwa yote hutokea ndani ya sekunde 6, mchezaji anadai mkuki umefika mwisho kwa kasi ya kubomoa ngome. Angalia anavyofanya: anatumia kanuni za mchezo kuufikisha mkuki mwisho, halafu anaziacha na kutumia fizikia kuhesabu madhara. Mwambie achague moja. Kwa kanuni, mkuki umefika na unarushwa kama mkuki wa kawaida. Kwa fizikia, watu hao hawawezi kupokezana hivyo kwa sekunde 6. Mwongozo wa msimamizi wa 2024 unalisema jambo hili bila kuzunguka: kanuni za mchezo si fizikia.

## Kufuata herufi kunaliua tabano lenyewe

Nilisisitiza kwamba kimya si ruhusa. Kuna upande wa pili, pale maandishi yanaposema kitu kinachopingana na sababu ya tabano kuwepo.

See Invisibility ya 2014 inakuwezesha kuwaona wasioonekana. Lakini hali ya kutoonekana, kama ilivyoandikwa wakati huo, ilikuwa na vipengele viwili: cha kwanza kuhusu kuonekana, cha pili kilichosema tu kwamba wanaomshambulia hurusha kwa hasara (dadu mbili, wakichukua ndogo) naye hurusha kwa faida. Kwa herufi, unamwona waziwazi na bado unampiga kana kwamba humwoni. Mchezaji ametumia nafasi ya daraja la 2 kununua kitu kisicho na kazi vitani.

Hapa fuata lengo la tabano. Jaribio ninalolitumia ni hili: ukichukua tafsiri ya herufi, je, kuna mtu mwenye akili timamu angelichagua tabano hili kwa kazi ambayo jina na maelezo yake yanaiahidi? Jibu likiwa hapana, herufi imekosea. Marekebisho ya 2024 yaliongeza kwamba kiumbe kinachoweza kukuona kwa njia yoyote hakiathiriwi na faida hiyo.

Hali mbili hizi zisichanganywe. Kimya kinachompa mchezaji nguvu mpya kijibiwe kwa hapana. Mgongano unaompokonya nguvu aliyoahidiwa ujibiwe kwa kumrudishia.

## Uamuzi unahitajika sasa hivi

Msitafute kitabuni kwa muda mrefu pambano likiwa limesimama. Msimamizi asikilize upande wa mchezaji kwa sentensi chache, asome maandishi kwa sauti mara moja, aamue kwa ajili ya leo, kisha aandike swali kwenye daftari ili lichunguzwe baada ya kikao. Kama maisha ya mhusika yanategemea uamuzi huo na pande zote zina hoja, mimi humpa mchezaji. Adui mwingine atakuja wiki ijayo, mhusika huyo harudi.

Kabla ya kuupitisha uamuzi kuwa wa kudumu, utazameni kutoka upande wa adui. Mnakubali kuwa Create or Destroy Water inajaza mapafu? Basi na kuhani wa kwanza wa maadui mtakayekutana naye anayo. Wachezaji wenyewe huuondoa mwanya wakishaambiwa hivyo, bila msimamizi kulazimisha.

Uamuzi wa kudumu uandikwe kwa sentensi moja mahali ambapo wote wanaona: jina la tabano, mlichoamua, na tarehe. Na ukiwa umelipunguza tabano ambalo mchezaji alilichagua akiamini tafsiri nyingine, mwache alibadilishe na lingine la daraja lilelile kabla ya kikao kinachofuata, bila kungoja apande ngazi. Kama alishanunua viungo kwa ajili yake, rudisha dhahabu hiyo kwenye karatasi yake.